My Ántonia, O Pioneers! au Giants in the Earth: uanze na ipi?

Mara ya kwanza niliisoma My Ántonia vibaya. Nilikuwa nasubiri harusi. Mvulana yatima wa miaka 10 na binti wa Kibohemia (Mcheki) wa miaka 14 wanashuka kwenye treni moja, usiku mmoja, kituo kimoja huko Nebraska. Kwa mazoea ya riwaya nikajiambia hawa lazima waje kuoana. Nikafika katikati: harusi hakuna, mvulana anajiandaa kwenda zake chuo, binti ni dada wa kazi kwenye nyumba ya watu mjini. Nikaiweka. Ikapita miaka mitatu ndipo nikairudia, safari hii sisubiri lolote, nikaimaliza kwa siku mbili.

Kosa halikuwa la kitabu. Nilikidai kitu ambacho hakikuniahidi, na kumbe ilikuwepo riwaya nyingine, ya mwandishi yuleyule, ambayo siku ile ingenikata kiu. Basi ulinganisho huu ni wa aliyekwama hapohapo: anataka riwaya ya zamani kuhusu wahamiaji wa mbuga za nyasi za Marekani, urafiki wao, njaa zao na mavuno yao, ila hajui aanze na ipi.

Zilizo mezani ni tatu. My Ántonia ya Willa Cather ilitoka 1918. O Pioneers!, ya Cather huyohuyo, ilitangulia, 1913. Ya tatu ni Giants in the Earth ya Ole Edvart Rølvaag, Mnorwei aliyeiandika kwa lugha yake na kuichapisha kwao Norwei kwa sehemu mbili, 1924 na 1925, kabla haijatoka kwa Kiingereza mwaka 1927.

Wanaomfahamu Cather watauliza iko wapi The Song of the Lark ya 1915, ambayo huhesabiwa fungu moja na hizo mbili zake. Nimeiacha makusudi. Inamfuata mwimbaji anayetoka mji mdogo wa Colorado kwenda kusaka jina kwenye majukwaa ya opera, na shughuli za shamba si zake. Halafu usiwe na wasiwasi wa mpangilio: wahusika wa Cather hawahami kutoka riwaya moja kwenda nyingine, kwa hiyo hakuna ya kwanza wala ya pili.

Nimezipima kwa nini

Nimeziuliza maswali yaleyale zote. Nani anatazama na kusimulia? Urafiki wake ni wa namna gani? Ugeni unauma wapi: kwenye lugha, kwenye chungu, au moyoni? Ardhi na hali ya hewa zina nguvu kiasi gani juu ya watu? Mwendo wake ukoje na Kiingereza chake kinasumbua? Mwisho, kuna nini humo kitakachokukera? Hili la mwisho wasifiaji wa vitabu hulikwepa, nami naona ndilo linaloamua kama mtu ataifikisha riwaya mwisho.

Macho ya nani

Mbuga ni ileile, anayeitazama ndiye anayebadilika. My Ántonia inasimuliwa na Jim Burden, mtu mzima sasa, wakili wa kampuni ya reli, anayekumbuka. Katika utangulizi anamkabidhi mtu waliyekua naye mji mmoja karatasi alizoandika kuhusu rafiki yake wa utotoni. Juu ya jalada ameandika "Ántonia". Anatazama, haridhiki, anaongeza neno moja mbele: "My". Wangu. Utangulizi huo ni mfupi na wengi huuruka, usiuruke. Unakwambia mapema kwamba huyu utakayekutana naye ni Ántonia wa Jim, na ndiyo sababu iko miaka mizima ya maisha yake ambayo hatuioni. Jim hakuwepo.

O Pioneers! haina msimulizi anayejitaja. Sauti yake inaruka juu kama mwewe, inashuka begani kwa Alexandra Bergson, binti wa Kiswidi anayeachiwa shamba na baba yake, kisha inahamia kwa mdogo wake Emil, kisha kwa jirani yao Marie.

Giants in the Earth inakutia ndani ya vichwa viwili vya nyumba moja. Per Hansa akitazama nyasi anaona ufalme. Mkewe Beret akitazama nyasi zilezile anaona kwamba hakuna hata kichaka cha mtu kujificha nyuma yake. Katika ndoa hiyo moja Rølvaag ameweka mabishano yote ya uhamiaji.

Na waandishi wenyewe hawakusimama mahali pamoja. Cather alizaliwa Virginia mwaka 1873, akapelekwa Nebraska mwaka 1883 akiwa na miaka 9. Alikulia mji wa Red Cloud na vitongoji vyake, akizungukwa na Wacheki, Waswidi, Wanorwei na Wajerumani, lakini yeye Kiingereza alikizaliwa nacho. Anawaandika wahamiaji kama mtoto wa jirani aliyeshinda jikoni kwao. Ántonia ana mzizi wa kweli: Anna Sadilek, baadaye Anna Pavelka, Mcheki aliyekuwa msichana wa kazi pale Red Cloud, ambaye baba yake alijiua kama anavyojiua Bwana Shimerda, baba wa Ántonia, riwayani. Rølvaag kwa upande wake alizaliwa 1876 katika kisiwa cha Dønna, akavua samaki baharini, akaingia South Dakota mwaka 1896 akiwa kijana wa miaka 20. Yeye ndiye mhamiaji. Tofauti hiyo utaisikia kuanzia kurasa za kwanza.

Urafiki

Kama ni urafiki umekuleta, tuanze na My Ántonia. Familia ya Jim inakwenda kuwasalimu akina Shimerda, ambao ndio kwanza wamefika. Ántonia anamshika Jim mkono, wanakimbia mpaka ukingoni mwa korongo, wanakaa kwenye nyasi. Binti hajui Kiingereza. Anaonyesha mbingu kwa kidole, Jim anamtajia jina lake. Hatosheki. Anaonyesha macho ya Jim, anatajiwa. Bado. Anaonyesha mbingu, macho ya Jim, tena mbingu, anayaonyesha na macho yake mwenyewe huku akitikisa kichwa kukataa, anapiga magoti, anafinyanga mikono kwa hamaki. Ndipo Jim anashtuka: anachotaka ni rangi. Buluu! Kwa furaha binti anavua pete yake ya fedha na kumpa. Jim anaikataa kwa ukali, kwa sababu kumgawia pete mtu uliyemjua saa hiyohiyo kunamtisha.

Urafiki wao wote umo humo: mmoja anatoa pasipo kipimo, mwingine anasita, na hakuna anayeweza kulala mpaka amwelewe mwenzake. Dakika chache baadaye baba wa Ántonia anamletea bibi yake Jim kitabu chenye alfabeti mbili, ya Kiingereza na ya kwao, anakiweka mikononi mwake na kumsihi amfundishe Ántonia "wake". Neno la kwenye jalada lilikuwa la baba kabla halijawa la Jim. Mimi niliona hivyo niliporudia tu.

Urafiki huo haubaki wa sukari. Baba anapokufa, binti anashika jembe la kukokotwa na wanyama, analima kama mwanaume, anajivunia misuli yake, shule anaikosa. Jim anachukia anavyoanza kula kwa kelele kama wanaume. Siku moja anamwuliza kwa nini anajitia ugumu hivyo, naye anamjibu kwamba kwake Jim mambo yatakuwa mepesi, kwao yatakuwa magumu. Baadaye mjini wanaongezeka wengine: Lena Lingard, mshonaji asiyetaka kuolewa kwa sababu ameona kwao ndoa ni nini, na Tiny Soderball, ambaye njia yake inafika mpaka kwenye dhahabu ya Klondike, huko Kanada. Kisha miaka 20 ya kutoonana.

O Pioneers! ina urafiki wa watu wazima, wenye maneno machache. Carl Linstrum anampandia Alexandra nguzo ya simu za maandishi kumteremshia paka wa mdogo wake, huko mwanzoni, katika baridi ya kukata mifupa. Familia ya Carl inashindwa na ukame inaondoka. Anarudi baada ya miaka mingi, mikono mitupu, na Alexandra anafurahi vilevile. Kaka zake, Lou na Oscar, wanaona mtu aliyekuja kuwinda mali. Wanamwambia dada yao, pasipo aibu, kwamba mali ya familia ni ya wanaume wa familia. Alexandra ndiye aliyeikuza mali hiyo wao wakitaka kuuza na kuondoka. Ukurasa huo niliwahi kumsomea mama yangu mdogo, nikimtafsiria papo kwa papo. Alicheka mpaka akafuta machozi, akaniuliza kama mwandishi ni mtu wa kwetu.

Na kuna mzee Ivar, anayetembea peku, anayetibu ng'ombe wa watu na hataki bunduki karibu na bwawa lake la ndege. Majirani wanamwita kichaa. Alexandra anamwita nyumbani kwake. Wakati ambapo nguruwe wa watu wanakufa, Ivar ndiye aliyemshauri awatenge kwenye uzio, awape kivuli, maji safi na chakula safi.

Giants in the Earth, kwangu, ni riwaya ya ujirani kuliko urafiki. Kaya nne za Wanorwei zimejibanza kando ya kijito katika Eneo la Dakota, kabla halijawa jimbo, mwaka 1873, na jirani ndiye mkunga, ndiye mzishi, ndiye wa kwenda naye kutafuta ng'ombe waliopotea. Per Hansa na Hans Olsa walivua samaki pamoja kwao. Undugu wa namna hiyo hausemwi kwa maneno, unaonekana mtu anapokuwa na shida. Tatizo ni Beret. Majirani wanampenda, wanamtembelea, na bado yuko peke yake.

Ugeni

Kila msomaji wa My Ántonia ana tukio lake asilolisahau. Langu ni la uyoga. Kipupwe kimekaza, akina Shimerda wanaishi kwenye shimo lililochimbwa ukingoni mwa korongo, na Ántonia na mdogo wake wanalala kwenye kitundu kilichochongwa ndani ya ukuta wa udongo. Mwenyewe anakisifu kwamba kina joto. Bibi yake Jim anawapelekea kapu la chakula. Mama Shimerda, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, anafungua mfuko wake, anapima kikombe kimoja cha vipande vya kahawia, vikavu, vyenye harufu kali, anavifunga kwenye kitambaa na kumpa. Nyumbani bibi anavigeuza, hajui ni nyama ya mnyama gani au kitu gani, anavitupa motoni. Jim anamega pembe ya kipande kimoja. Miaka mingi baadaye ndipo anajua ule ulikuwa uyoga uliookotwa kwenye misitu ya Bohemia, ukasafirishwa kuvuka bahari.

Cather haongezi neno. Zawadi ya thamani kuliko zote nyumbani mle imekwenda na moshi, na hakuna aliyekosa.

Katika O Pioneers! wahamiaji wameshakaa, kwa hiyo aibu imehamia ndani ya familia. Lou anajitutumua kwa Umarekani wake. Mama mkwe wake, Bibi Lee, amewekewa sinki la kuogea la kisasa. Mzee analivuruga maji ili wadhani ameoga, kisha wote wakilala anavuta beseni lake la mbao lililo chini ya kitanda na kuoga alivyozoea. Kila mwaka anakwenda kukaa kwa Alexandra, ambako anaruhusiwa kuishi kizamani. Naye marehemu mama Bergson alikataa katakata kuishi katika nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi, akajengewa ya magogo, akaendelea kupika jamu kwa kila tunda la porini aliloweza kuliokota.

Kwa Rølvaag ugeni ni ugonjwa. Beret amebeba sanduku kubwa la ukoo wake kutoka Norwei, na akiwa mjamzito anaamua kwamba atakufa na azikwe ndani yake. Per Hansa, mchangamfu, anakuta vigingi vya mpaka vyenye majina ya watu wa Ireland kwenye ardhi ya rafiki zake, anaving'oa kimyakimya na kuvichoma. Majirani wanapojua wanamshangilia. Beret haoni cha kushangilia: Kumbukumbu la Torati linamlaani anayeondoa mpaka wa jirani yake. Aliyewahi kuona kesi ya bikoni kijijini atasoma sehemu hiyo ameshika shavu.

Ardhi na majira

Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 (Homestead Act) ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi akae na kuilima miaka mitano, na mhamiaji aliyeonyesha nia ya kuwa raia aliruhusiwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Marekani ilianza na jembe. Per Hansa anaanza hivyo, bure na udongo mtupu. Akina Shimerda wanalipa zaidi ya thamani, kwa kulanguliwa na Krajiek, mtu wa kwao aliyetangulia na ndiye pekee wanayeweza kuongea naye. John Bergson, baba wa Alexandra, alihangaika miaka 11, na anakufa ndiyo kwanza madeni yameisha.

Ukitaka ardhi yenyewe iwe mhusika, O Pioneers! inashinda hizo mbili. Alexandra anasafiri kuona mashamba ya bondeni mtoni, anazungumza na wakulima, anapiga hesabu, anarudi na uamuzi wa kuweka shamba rehani na kununua zaidi wakati wengine wanakimbia. Ni kazi ya kichwa, nayo inasisimua kuliko nilivyotarajia kwa habari za rehani.

Ukitaka kutishwa, Rølvaag. Nzige wanakuja kama wingu, wanakula shayiri na ngano mbele ya macho ya mwenye shamba. Per Hansa anarudi nyumbani na kukuta mlango umezibwa kwa ndani. Kilichouziba, na kilichomo ndani yake, sitakisema. Nzige hao walikuwepo kweli, wa milima ya Rocky, walioharibu mashamba kuanzia 1873 na kuendelea, na leo aina hiyo imetoweka duniani. Halafu kipupwe cha 1880 na 1881, theluji juu ya theluji. Msomaji aliyeona makundi ya nzige kaskazini mwa Kenya mwaka 2020 hana haja ya maelezo kwenye sura ya kwanza kati ya hizo mbili. Ya theluji itambidi aamini tu.

My Ántonia iko katikati. Ina kipupwe kinachoua na ina nyasi nyekundu zinazokimbia kama maji, na picha moja iliyo maarufu kuliko zote: jembe lililosahauliwa shambani, limesimama ndani ya duara la jua linalozama, likawa kubwa, kisha jua likatua nalo likarudi kuwa dogo.

Mwendo na lugha

O Pioneers! ndiyo fupi kuliko zote na ina tukio linalojengeka polepole hadi linapasuka. Mpenda hadithi yenye mwanzo, mgogoro na kishindo atatulia hapo. Lugha yake ni nyepesi.

My Ántonia ni sehemu tano zinazoungana kwa kumbukumbu, si kwa mgogoro. Hadithi zinaingia ndani ya hadithi: Warusi wawili, Pavel na Peter, wana siri ya mbwa mwitu na bibi harusi ambayo itakukosesha usingizi, na haina uhusiano wowote na msuko wa hadithi, kwa kuwa msuko haupo. Sentensi ni safi, maneno ya mashambani ni machache. Jina tu ndilo mtego: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tutasema AntoNIa, Kicheki hukaza ya kwanza, ANtonia, na Cather aliweka tanbihi kulielezea hilo.

Giants in the Earth ni ndefu, nzito, na Kiingereza chake ni tafsiri iliyofanywa na Lincoln Colcord akishirikiana na mwandishi. Kinanukia Kinorwei, na inapendeza hivyo. Jina limetoka Mwanzo 6:4, pale Biblia ya Kiswahili inaposema Wanefili. Jipe mwezi.

Yatakayokukera

My Ántonia ina sura yenye mpiga piano mweusi kipofu, d'Arnault. Cather anasifu kipaji chake na papo hapo anamchora kwa maneno ya dharau ya wakati ule, kichwa na mwili wake, kama anaeleza kiumbe. Msomaji Mwafrika hapaswi kuambiwa avumilie. Mimi niliisoma, nikakasirika, nikaendelea. Ninayemfahamu mmoja aliishia hapo, na simlaumu.

Riwaya zote mbili za Cather zinaizungumzia ardhi kama iliyokuwa tupu. Haikuwa tupu. Wapawnee, kabila la wenyeji wa asili, waliondolewa Nebraska na kupelekwa kusini katika miaka ya 1870, na kwenye My Ántonia wenyeji wa asili wamebaki alama ya duara kwenye nyasi. Neno "mlowezi" kwa Mkenya lina uzito ambao "pioneer" ya Kiingereza imeufunika kwa bendera. Rølvaag amejitahidi kidogo zaidi: kuna kaburi la Mhindi Mwekundu kilimani penye shamba la Per Hansa, na kuna wenyeji wanaopiga kambi karibu, ambao mmoja wao Per Hansa anamtibu mkono. Lakini hata humo wanapita njia tu.

O Pioneers! inawakera wengine kwa jinsi Alexandra anavyoipokea ile sehemu ya kishindo, hasa nani anamwonea huruma na nani anamlaumu. Isomeni kwa pamoja mkitaka ugomvi mzuri. Giants inachosha anayekimbia mazungumzo ya dhambi na Mungu, na sura za Beret ni ngumu kwa mtu ambaye kwa sasa anapitia sonona au ametoka kujifungua. Nalisema hili kwa uzito.

Kwa hiyo wewe

Uko mbali na mtu uliyekua naye, mmeachana bila kugombana, maisha tu? Chukua My Ántonia, na usisubiri harusi kama mimi. Iache ikupeleke mpaka sehemu ya mwisho, watoto wanapotoka wakikimbizana kutoka kwenye ghala la chini ya ardhi la matunda ya kusindika.

Unagombania shamba la urithi, au ni binti uliyebeba nyumba huku kaka wanatoa maagizo, au unataka tu hadithi ya kumaliza kwa wikendi: O Pioneers!. Hii pia ndiyo ninayowapa wanafunzi wa sekondari na walio wapya kwa riwaya za Kiingereza.

Umehama mwenyewe, uko Minneapolis au Oslo au Muscat, na mwenzako anapapenda pale wewe usipoweza kupumua? Giants in the Earth inawajua nyote wawili na haimpi ushindi yeyote. Soma ukiwa na nguvu. Kama huna, anza na Cather, hii iache ikusubiri.

Kikundi cha kusoma chenye watu wa rika tofauti huelewana zaidi juu ya My Ántonia, kwa sababu kijana huisoma kwa upande wa Jim na mtu mzima kwa upande wa Ántonia. Mwenye kupenda historia kuliko hadithi aanze na Rølvaag, kisha aende O Pioneers! kuona mashamba yaleyale yakishatajirika.

Gharama isikuzuie. Mbili za Cather zinapakuliwa bure na kihalali kutoka Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, zinasomeka vizuri hata kwenye simu ndogo. Tafsiri ya Kiingereza ya Rølvaag nayo ilitoka kwenye hakimiliki ya Marekani mwanzoni mwa 2023, ila kwa unene wake ningeshauri karatasi. Kwa kusikiliza, My Ántonia ndiyo inayofaa zaidi, kwani tangu mwanzo ni sauti ya mtu anayesimulia.

Kama bado umekwama, onja. Kwenye My Ántonia soma ziara ya kapu la chakula, sura ya 10 ya sehemu ya kwanza. Kwenye O Pioneers! soma sura ya kwanza, ya paka na nguzo. Kwenye Giants soma mwanzo, gari la kukokotwa likipasua nyasi, ng'ombe nyuma, na Per Hansa hataki kumwambia mkewe kwamba wamepotea njia. Zote tatu zinaisha kwa jioni moja.